Imla

Vidole vyangu vilibaki kiwandani Klaksvík,
havikukatwa na kisu, vililiwa na baridi,
miaka thelathini na moja ya minofu ya chewa
ikipita mbele yangu juu ya mkanda usiochoka.
Sasa vimepinda, kila kimoja na njia yake,
nikilenga herufi moja
nabonyeza tatu.

Mjukuu wangu Bárður akaja Jumapili na maikrofoni
yenye shingo nyembamba kama ya bata bukini.
"Wewe sema tu, bibi. Itaandika."
"Kwa lugha gani?"
Akainamia waya, akajifanya anatafuta tundu.
"Kidenmaki," akasema. "Kifaroe haikijui."

Basi nikakaa wima, kama nilivyokaa
nikiwa na miaka minane, mbele ya mwalimu Lützen,
daftari la imla, kalamu inayovuja,
tumbo likiuma kwa hofu ya kukosea.
Ila sasa mwenye kuandika ni mashine
na mwenye kusoma kwa sauti ni mimi,
kwa ulimi wa kuazima.

Amka. Taa ya kijani.
Kwa Ofisi ya Ustawi mkato mstari mpya
mume wangu Hjalgrim hawezi tena ngazi nukta

Ikaandika: hawezi tena kazi.
Hilo nalo kweli.
Lakini jina lake! Masikio ya Kidenmaki
yalilivunja vipande viwili, yakaokota walichokijua:
mume wangu Kofia ya Chuma Mbaya.
Nikamsomea kitandani. Alicheka hadi akakohoa,
na mlango ukiwa wazi, mashine ikamsikiliza,
kila kikohozi ikakiandika: na.
Na. Na na. Na.

Nikajifunza. Futa neno. Rudi juu. Hifadhi.
Upepo ukigonga bati, nilinyamaza kwanza,
maana nao ulikuwa na mengi ya kuandikisha.
Jioni nikisema lala, taa inazimika,
utiifu ambao sijaupata kwa mtoto wala mbwa.

Karani wa ofisi akapiga simu, sauti ya chini:
"Rannvá, tumekukosea nini
hata utuandikie Kidenmaki?"
Nikamwambia ni mkalimani wangu, hajui kingine.
Akasema watatujengea njia ya mteremko mlangoni,
ya mbao, yenye reli, theluji ikipungua.

Theluji haikuwa na haraka.

Asubuhi moja ya Februari nilimpelekea chai.
Nikamwita kwa lugha yetu,
ile tuliyochumbiana nayo na kununiana nayo,
tuliyohesabia kondoo.
Vakna, Hjalgrim.
Nikaweka kikombe chini.
Vakna.

Nyuma yangu, mezani, taa ya kijani ikawaka.

Katika maneno yetu yote ya nyumbani
ni hilo moja tu lililofanana na la kwake,
ikalitambua, ikaamka,
ikakaa tayari, kishale kikipepesa,
nami nimesimama katikati ya vyumba viwili,
nimemwita mmoja
ameitika mwingine.

Sikuiambia lala. Sikuiambia kitu.
Sijui iliandika nini saa ile, Bárður aliizima.

Fundi alikuja Machi na mbao zake.
Nilitaka kumrudisha, nikamwacha ajenge.
Mteremko mzuri, haunesi.
Mbwa anautumia.

Wanasema wataifundisha Kifaroe,
wanatafuta wazee wa kusoma sentensi.
Nimejiandikisha. Nitawapa sauti yote waliyo na haja nayo,
neno moja tu nitawaomba waliruke.

Barua ya kwanza ingali humo ndani,
ile ya kabla sijajua kusahihisha.
Bárður anataka kuisafisha. Namkataza.
Usiku huifungua, naisoma bila kutoa sauti
mashine isije ikadhani nasema nayo:

mume wangu na na hawezi tena kazi na
naomba reli ya na na bafuni na

Nukta, inaonekana, sikuitaja.